Jina la Mkunga

Bawabu wa simu ya Mwakatobe, mashine iliyosema kwa maneno ya mwenye nyumba, aliuliza kwa upole, kama mtu mwenye siku nzima ya kupoteza: "Nilipovunjika mguu, nilikuwa nimepanda mti gani?"

"Mparachichi," akajibu Atupele.

"Sio huo."

"Mkaratusi. Ndugu yangu, nifungulie! Hewa nzito imeshuka kutoka ziwani, mtafia humo ndani!"

"Sio huo. Umebakiza jibu moja."

Atupele akageuza shingo. Mkuu wake wa kazi, Mzee Gwamaka, alikuwa kwenye kiti cha pili, naye akibishana na bawabu wa nyumba nyingine. "Mzee, huyu Mwakatobe alianguka kutoka mti gani?"

"Nitajuaje? Kwani nilikuwa chini nikimdaka?"

"Msindano," Atupele akabahatisha.

"Sio huo. Kwaheri, mgeni."

Lo! Mgeni! Kituo cha ziwa kilichokuwa kikilinda bonde la Lubwe tangu enzi za mababu, leo kinaitwa mgeni na kufungiwa mlango usoni. Atupele alitamani kulitupa lile dude la simu dirishani. Lakini kulikuwa na nyumba nyingine ya kuita, na nyingine, na nyingine.

Ziwa lilikuwa limecheua. Ndivyo watu wa kituo walivyosema, na hakuna namna nyingine ya kusema. Maji ya lile shimo la volkano yamekaa juu ya hewa ukaa iliyobanwa chini kabisa, miaka na miaka, na Jumapili ile, watu wakiwa wametoka kanisani na kula, maji yaligeuka na hewa ikapanda. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Haina rangi wala harufu. Hutiririka kama maji, hutafuta mabonde, na inapokupata hukohoi wala hupigi kelele, unalala tu. Ukungu wa masika ulikuwa umefunika kila kitu, hakuna upepo hata wa kutikisa jani, na bonde zima lilikuwa limejifungia ndani likiota moto.

Kwenye ramani ya ukutani, nguzo za kupimia hewa zilikuwa taa ndogo za kijani zikishuka mteremko. Za juu zilikuwa zimeshakuwa nyekundu. Kila mara Atupele alipoinua macho, wekundu ulikuwa umeshuka tena.

Mtambo wa kituo wa kutoa onyo haukuzembea. Hewa ilipoanza kupanda tu, ulituma onyo kwa kila nyumba ya bondeni, maelfu kwa mara moja. Na maelfu ya mabawabu wakauliza kwa mara moja: wewe nani? Sasa mtambo utajibu nini? Haujawahi kupanda mti, wala hauna shangazi. Ulinyamaza, na mabawabu wakalitupa onyo jalalani, kama walivyofundishwa.

Zamani kituo kilikuwa kikipita bila kuulizwa. Lakini majuzi wilaya ilikuwa imeleta mtambo mpya wenye namba mpya. Mzee Gwamaka akatuma tangazo kwa kila nyumba: namba yetu imebadilika, tafadhali mwambieni bawabu wenu. Na tangazo lile alilituma kwa namba ipi? Hiyo hiyo mpya. Mabawabu wakaliuliza tangazo ni nani, tangazo likakosa la kusema, na mpaka leo hakuna aliyelisikia. Mzee hakupata lalamiko hata moja, akaona kimya ni kukubali, akanywa chai yake. Na king'ora cha kale kilikuwa kimeshang'olewa kikauzwa chuma chakavu, kwa kuwa kila nyumba ina simu, king'ora cha nini?

"Nyumba sita," Mzee alisema sasa, akijifuta jasho. "Tangu tuanze wametufungulia sita tu."

"Ni haya maswali! Wewe si ndiye uliyewafundisha?"

"Niliwafundisha waweke swali la kawaida, binti. Wao wakafanya mashindano."

Hapo alisema kweli. Watu wa Lubwe bwana! Bawabu, ile mashine ya kuwazuia matapeli wa simu, alipoingia bondeni, kila mtu alitaka wa kwake awe mkali kuliko wa jirani. Kwenye vilabu na nje ya kanisa ilikuwa ni kutambiana tu: wa kwangu hata mke wangu hapiti, wa kwangu shemeji yangu alikesha nje. Atupele naye alikuwa akicheka. Leo alimkumbuka kila mmoja aliyetamba, na watoto wake, akaita nyumba iliyofuata.

*

Simu yake ya mfukoni ikalia. Mama yake, Subilaga, alikuwa hazuiliwi na bawabu wa bintiye, kwa hiyo sauti ikaingia moja kwa moja.

"Atu, mwanangu. Kuna kitu sikielewi huku. Kuku wamelala."

"Kuku gani, Mama? Uko wapi?"

"Isyeto, kwa Ikupa, uchungu umemshika tangu asubuhi. Nimetoka kumwaga maji nikakuta kuku wote wamelala uwanjani, na mbwa naye. Nikampiga mbwa teke kidogo, hata hakuamka."

Isyeto ilikuwa shimoni kabisa, karibu na mto, mahali ambapo maji yote ya bonde hukimbilia.

"Mama, ni ziwa! Toka humo! Toka sasa hivi!"

Mkunga Subilaga hakuuliza mara mbili. Alisikika akigeuka na kupaza ile sauti yake ambayo nusu ya wanawake wa Lubwe waliisikia siku walipokuwa hawawezi tena kusukuma: "Tokeni! Hewa mbaya imeshuka kutoka ziwani! Acheni vyote, shikeni watoto, pandeni juu! Msipite mtoni! Tokeni!"

Vishindo vikafuata, mlango, kilio cha Ikupa. Mumewe na shemeji yake walimlaza kwenye machela na kumbeba. Kisha Subilaga akarudi kwenye simu akihema.

"Tumetoka. Atu, ukungu! Sioni hata miguu yangu. Tupite wapi?"

Atupele akaikimbilia ramani. Kidole chake kikatafuta Isyeto, kikafuata taa. "Mbele yenu kuna daraja. Msilivuke, ng'ambo kumeshakuwa kwekundu. Kateni kushoto, pandeni na ule mfereji."

"Kushoto. Haya." Pumzi. "Ongea, mwanangu. Ukinyamaza naona kama nimeshakufa."

"Naongea, Mama. Panda. Mfereji uache upande wako wa kulia. Hapo ni kijani, hapo ni salama. Panda tu."

Akawa anaongea, na machozi yanamtoka, na hajui yanamtoka. Nyuma yake Mzee Gwamaka aliangua kicheko kifupi kisicho na furaha: bawabu mmoja alikuwa amemwuliza jina la ng'ombe. Wekundu ulikuwa umefika kwenye nguzo iliyo juu ya soko. Chini ya soko ndiko kwenye nyumba nyingi, zimebanana ukuta kwa ukuta, na watoto wote wa bonde.

Hapo ndipo wazo likamjia, na lilipomjia aliogopa kuliko alivyoogopa ziwa.

"Mzee," alisema taratibu, mkono umeziba simu. "Bawabu mpya akifungwa, jina la kwanza kuingizwa kwenye ruhusa ni la nani?"

"La mkunga. Kila mtu anajua. Hata kabla ya mchungaji." Kisha akaelewa. Akasimama. "Hapana."

"Kila nyumba, Mzee. Hakuna mtu bondeni anayethubutu kumwuliza mkunga maswali. Onyo likitoka hapa kwa jina lake, wanalisikia wote, sasa hivi."

"Litakuwa la uongo!"

"Maneno yapo, kayasema mwenyewe, simu imeyarekodi."

"Kayasema kwa Ikupa, hakuyasema kwa bonde. Na wewe unajua kinachofuata." Mzee alimnyooshea kidole. "Bawabu anamfungulia, sawa. Lakini akiona ujumbe umetoka kwenye mtambo usio wake, anamrudia mwenyewe kwenye simu yake: ni wewe kweli? Bonde zima, binti, kila bawabu, kwa wakati mmoja, kwenye kile kisimu chake. Kitakufa hapo hapo. Na asipojibu, jina lake linafutwa kila mahali. Hatampata mtu tena, wala mtu hatampata."

Atupele alijua. Simu ile ndiyo iliyokuwa macho ya mama yake ndani ya ukungu.

"Atu?" Sauti ya Subilaga ilikuwa imepanda. "Mbona umenyamaza? Mfereji umekwisha!"

"Nipo, Mama. Nyoosheni. Mama, sikiliza. Watu wa sokoni hawajajua. Mabawabu wanatukatalia. Nikitumia jina lako watafungua. Ila simu yako itazima, na mimi sitaweza kukuonyesha njia."

Alisikia miguu kwenye matope, na Ikupa akilia kwa sauti ndogo.

"Ngoja kwanza," Subilaga alisema. Hakuwa mkunga sasa, alikuwa mwanamke mzee anayeogopa. "Ngoja nivuke hapa, mwanangu. Nifikishe tu huyu mzazi kwenye mashamba ya chai, kisha utumie unavyotaka. Usiniache humu. Sioni kitu. Nakuomba, Atu, usinizime humu."

"Sawa, Mama," alisema Atupele.

Aliitazama ramani. Mbele ya mama yake kulikuwa na njia panda: mkono mmoja unarudi kuambaa mto, mwingine unapanda kwenye mashamba ya chai, ya chini na ya juu. Nguzo ya hapo ilikuwa ya manjano, inapepesa, haijaamua. Akajaribu kukadiria muda wa kufika kwenye chai, machela mkononi, mzazi ana uchungu. Akaitazama nguzo ya juu ya soko. Ile iliyofuata chini yake ikawa nyekundu mbele ya macho yake.

Angengoja, mama yake angepita. Na kule sokoni wangelala wakiwa wameuzunguka moto. Akaiingiza ile rekodi kwenye mtambo, kidole juu ya kitufe cha kutuma.

"Marehemu mdogo wangu," alisema Mzee Gwamaka nyuma yake, bila hasira, kama mtu anayeomba, "aliitwa na sauti ya mwanawe. Baba, nimepata ajali, njoo unichukue. Akatoka na mvua ile. Sauti ilikuwa ya mwanawe kabisa, Atupele, na mwanawe alikuwa amelala chumba cha pili. Tukamzika. Ndiyo maana nilitembea nyumba kwa nyumba kuwaletea watu mabawabu. Ukibonyeza hapo umefanya kile kile matapeli walichomfanyia."

"Najua, Mzee."

"Na ni mama yako!"

"Najua ni mama yangu!" alipiga kelele, na kidole kikabonyeza.

*

"Tokeni! Hewa mbaya imeshuka kutoka ziwani! Acheni vyote, shikeni watoto, pandeni juu!"

Sauti ya Subilaga iliingia kila nyumba ya Lubwe bila kubisha. Kwenye ubao wa mtambo majina yalianza kuwaka, moja moja, kisha kwa makundi, kisha yote. Amefungua. Amefungua. Mwakatobe naye, yule wa mti, amefungua.

"Mama, kwenye njia panda—" alianza Atupele. Simu ikatoa mlio mmoja mrefu na kufa.

Akapiga tena. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Ni mabawabu hao, kila mmoja kwa adabu zake zote, wakimwuliza mkunga ukunguni kama ni yeye kweli.

Kisha, kupitia dirishani, bonde likasikika. Kwanza debe likipigwa mahali fulani, halafu madebe mengi, halafu kelele za watu, milango, majina ya watoto yakiitwa, ng'ombe. Hawakuonekana, ukungu uliwaficha, lakini kelele zilikuwa zikipanda. Mzee Gwamaka alisimama dirishani na mkono mdomoni.

"Wanapanda," alisema. "Binti, wanapanda!"

Atupele alikuwa akiitazama nguzo ya njia panda. Iliacha kupepesa. Njia ya mto ikawa nyekundu. Ya chai ilikuwa bado kijani. Kitu kidogo kama hicho, neno moja, na hakuwa na pa kulipeleka.

Simu yake ikatetemeka mkononi, akaruka. Haikuwa simu ya mama yake, ilikuwa hodi ya mgeni. Bawabu wake alikuwa ameshauliza swali, lile alilochagua mwenyewe akiwacheka wanaojitesa na mafumbo: mama yangu anaitwa nani? Chini yake paliandikwa jibu la mgeni, Subilaga. Na chini yake tena: *Jina hili limefutwa kwa ulaghai. Mgeni amezuiwa.*

"Ni yeye! Mzee, ni yeye, ametumia simu ya Ikupa! Mfungulie! Nafungua wapi?"

Mzee aliinyakua simu. Bawabu anapomzuia mlaghai huandika maneno ya mwanzo tu ya aliyosema, ili mwenye simu ajue aliponusurika. Maneno yalikuwa haya: *Atu mtoto ametoka, tupite wapi*

"Nipe namba yake nimpigie!"

"Imefichwa."

"Ifichue!"

"Haifichuliki." Mzee alikuwa akibonyeza huku na huku, vidole vyake vizee havimtii. "Namba ya aliyezuiwa haionyeshwi, ili mtu asivutwe kuipigia. Ni sharti nililolidai mimi. Nilikwenda wilayani kulidai, Atupele. Nililigombania."

Simu ikatetemeka tena. *Mgeni amezuiwa.* Maneno ya mwanzo: *Atu kibatari kimezimika chini, kinawaka*

Hakuhitaji kumalizia. Kibatari kikizimika ukikishusha na kuwaka ukikiinua, hewa imeshafika magotini. Aliona machela, na wanaume wawili wameinyanyua mabegani, na kichanga kisicho na hata jina, na mama yake mfupi kuliko wote.

Ya tatu haikuwa na maneno, bawabu aliandika tu: *pumzi*. Kisha bawabu akatangaza kwamba mgeni huyo amebisha mara tatu na hataruhusiwa kubisha tena.

Atupele aliitupa simu chini, akafungua mlango wa kituo na kukimbia kwenye majani yenye maji mpaka ukingoni mwa mlima. Mbele yake hapakuwa na kitu, weupe mtupu. Isyeto ilikuwa mbali sana, hata siku ya jua huwezi kumwita mtu wa kule. Alijua. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Mama! Pita kwenye chai! Usipite mtoni! Pita kwenye chai!"

Ukungu ukaimeza. Akaita tena. Mzee Gwamaka akaja akasimama kando yake, akaweka viganja mdomoni, na ile sauti yake ya kikohozi ikatoka kubwa kuliko alivyoitegemea: "Mkunga apite kwenye chai!"

Hapo chini yao, si mbali, mwanamume aliyekuwa akipanda mlima akajibu. "Nani apite kwenye chai?"

"Mkunga! Yuko Isyeto na mzazi, hawaoni! Waambieni wa chini! Apite kwenye chai!"

Yule mwanamume alisita kidogo tu. Kisha wakamsikia akigeuka na kuwapigia kelele waliokuwa nyuma yake: "Huko chini! Mkunga apite kwenye chai!" Mwanamke akaipokea, sauti kali ya kuitia watoto. Akaipokea mwingine. Hakuna aliyeuliza anayesema ni nani, wala mtoto wa nani, wala alivunjika mguu wapi. Ikashuka hivyo, mtu kwa mtu, ikizidi kuwa ndogo, mpaka likabaki neno moja, chai, chai, kisha hata hilo likapotea.

Atupele alipiga magoti. Aliogopa kimya kile kuliko kitu chochote alichowahi kukiogopa maishani. Alikuwa amemzima mama yake kwa kidole chake mwenyewe, baada ya kumwambia sawa. Kama mama amekufa, amekufa akijua hivyo. Mzee alimshika bega, naye alikuwa akilia.

Wakakaa. Watu wa kwanza walianza kutokea kwenye ukungu, wamebeba watoto, wamelowa, wakiuliza mkunga yuko wapi, wamemsikia, yuko wapi.

Kisha kutoka chini kabisa kitu kikaanza kupanda. Mwanzoni hakikuwa neno. Kikapokelewa, kikapokelewa tena, kikakaribia, mpaka yule mwanamume wa kwanza akakipaza kwa hasira ya mtu aliyechoka kupiga kelele:

"Wewe wa juu! Mkunga anauliza! Chai ya juu au chai ya chini?"

Atupele alikuwa ameshasimama. Aligeuka akatazama kupitia mlango ulio wazi, ramani ukutani, na hapo hapo nguzo ya chai ya chini ikabadilika rangi.

"Ya juu!" akapiga kelele, koo likimchanika. "Mwambieni ya juu! Ya juu, Mama, ya juu!"